Kilichozidi Kibakulini

Picha ya eksirei ilionyesha vitu vinne. Vinne ndivyo alivyovitaja mgonjwa mwenyewe kwa kunyoosha vidole, vinne ndivyo vilivyoandikwa ubaoni kabla daktari hajaushusha mpira wa kamera kooni mwake, na vinne ndivyo vilivyotarajiwa kulala katika kibakuli cha chuma kazi itakapokwisha. Vilitoka vitano.

Muuguzi aliyeshika kibakuli hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Kwa miaka kumi na minne hakuna kipande cha pamba kilichoingia chumba kile bila yeye kujua kilikotoka na kilikoishia, na ndiyo maana wenzake walimwita Sista Hesabu, baadhi kwa mapenzi, baadhi kwa kumchoka. Sindano mbili za cherehani, pini ya kitambaa, nusu ya wembe. Hivyo vilikuwa vimetoka mbele ya macho ya wote, kimoja kimoja, ncha ikiwa nyuma ili isichane koo, na vilikuwa vyeusi kwa kukaa ndani ya tumbo. Daktari akasema, "Tumemaliza, asanteni," akageuka kuvua glavu. Ndipo muuguzi alipoivua ile kofia laini ya mpira inayofungwa mwisho wa kamera kuzikinga ncha, akaikung'uta juu ya kibakuli kabla ya kuiosha, na ikaanguka pini ndefu yenye kichwa cheupe cha lulu ya bandia, imepinda kidogo karibu na ncha. Ilikuwa kavu kabisa.

"Ngapi, Sista?" daktari aliuliza, mgongo bado umemgeukia.

Swali hilo huulizwa kila mara. Jibu lake huingia katika daftari la chumba, kisha katika faili la mgonjwa, na likishaingia huko huhesabiwa kuwa kweli mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

"Vinne," alisema. Kiganja chake kilikuwa kimekwisha kuifunika pini.

Aliifahamu. Ilikuwa yake mwenyewe, pini ya kushikia kofia ya uuguzi, aliyopewa siku alipohitimu, zamani wauguzi walipokuwa bado wakivaa kofia. Iliwahi kukaliwa kwenye benchi la maktaba na mwanafunzi mmoja wa udaktari mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, ikapinda, naye mwanafunzi akaomba radhi kwa dakika ishirini nzima, na katika dakika hizo wakajuana. Mwanafunzi huyo alikuwa mume wake kwa miaka kumi na sita sasa, na ndiye aliyekuwa akinawa mikono pale kwenye sinki.

Kazini waliitana Daktari na Sista. Hakuna aliyewahi kuwaona wakigusana hata kiwiko.

Mgonjwa alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye vidole vyembamba na sauti ya kuomba msamaha. Ilikuwa mara yake ya saba mwaka ule. Kila alipoletwa, utaratibu ulikuwa uleule: picha kwanza, kujua kitu kiko wapi, kilicho bado tumboni hutolewa kwa kamera haraka iwezekanavyo, kilichokwisha kupita kwenda utumboni hufuatwa kwa picha kila siku hadi kitoke chenyewe, na kisu cha upasuaji husubiri pembeni endapo kitakwama au kutoboa. Baada ya hapo mgonjwa hulindwa saa zote na muuguzi aliyeketi umbali wa mkono, katika chumba kisicho na chochote chenye ncha, na mlangoni palibandikwa agizo la daktari wa akili: asisimangwe, asidekezwe. Kusimangwa kungemrudisha kwenye kumeza, na kudekezwa pia.

Fundi hakutaka kufa. Alilisema hilo kila alipoulizwa, na daktari wa akili alimwamini, akamwandikia dawa na mazungumzo ya kila juma. Alichosema ni kwamba ndani yake mna mtu mwenye wivu. Akimnyima anachotaka, anambana pumzi. Akimpa, anatulia siku kadhaa.

Sista Hesabu aliyasikia maneno hayo mara saba na hakuyapa uzito. Kilichomkera kilikuwa kingine. Daktari, kila aliposhusha kamera, alikuwa na tabia ya kumnong'oneza mgonjwa: "Tulia. Nakuona." Kwa mgonjwa wa kawaida aliyasema maneno hayo mara moja. Kwa fundi aliyasema mara tatu. Mkewe alikuwa amehesabu. Nyumbani, kwa muda ambao hakujali tena kuupima, hakuambiwa hata mara moja.

Sasa lilikuja suala la pini. Mtu mwenye akili timamu hupima. Pini hiyo ilikaa ndani ya kopo dogo la bati, kopo lilikaa katika droo ya chini ya kabati la chumbani, na droo ilikuwa na kufuli lenye funguo mbili: moja yake, moja ya mume. Alipofika nyumbani alasiri ile alifungua droo. Kufuli lilikuwa zima. Kopo lilikuwepo, limefungwa vizuri, tupu. Kutoka ndani yake ilipanda harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi ya moto, ilhali hapakuwa na pasi iliyowashwa ndani ya nyumba ile tangu Jumapili.

Pini haitembei. Mgonjwa hajawahi kukanyaga nyumbani kwao, au kama amewahi, kuna aliyemfungulia. Funguo ni mbili. Mtu anayeamini majini angepata hapa jibu la bure, lakini yeye hakuamini, na kwa kuwa hakuamini, hoja zake zilimpeleka hatua kwa hatua, bila kosa hata moja la mantiki, hadi kwa mumewe.

Mumewe wakati huo alikuwa sebuleni na binti yao, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka tisa. Binti alikuwa na jina la bibi yake, mama mzazi wa daktari, na kwa hiyo daktari alimwita mama.

"Mama, tulia basi. Ukitikisika nitakuchoma mimi badala ya beji."

"Inanichoma kila siku, baba. Mwalimu anasema mkaguzi hataki kisingizio, beji lazima ikae kifuani."

"Mwambie mwalimu fundi wako yuko kazini." Alikuwa akizungusha uzi wa kijani kwenye pini ya beji ya shule, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akiacha ncha tu. "Haya. Ikikuchoma tena, nishtaki."

Fundi wako. Mke alisimama mlangoni na neno hilo likamwingia vibaya. "Umefungua droo yangu ya chini?"

"Droo gani?" Hakuinua macho kwenye uzi.

"Yenye vyeti."

"Nikatafute nini humo, mke wangu? Vyeti vyangu unajua viko wapi, chini ya godoro kwa kukosa heshima." Binti alicheka. Baba naye akacheka. Yeye hakucheka, na hakuuliza tena, kwa maana aliyekwisha kuhukumu hahitaji shahidi.

Kesho yake, kwenye korido ya wodi, shangazi wa fundi alimshika mkono. Alikuwa mwanamke mfupi aliyelala kwenye viti vya wageni kwa siku tatu, na nguo zake bado zilikuwa zimenyooka.

"Mwanangu, jana vilitoka vingapi?"

"Vinne, shangazi."

"Na picha ilisema?"

"Vinne."

Shangazi alishusha pumzi ndefu. "Afadhali."

"Kwa nini afadhali?"

"Kikizidi, huwa kina mwenyewe." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwaka juzi, hospitali nyingine, kilizidi kibanio cha nywele. Cha mdogo wake, yule aliyemlea kama mwanawe. Hatukumaliza mwezi, tukamzika. Mara ya pili ukazidi mkasi wa kukatia nyuzi, wa mwenzake wa dukani. Naye mwezi haukuisha."

"Walikufa kwa tumbo?"

"Mdogo wake ini. Mwenzake aligongwa na pikipiki."

"Basi havihusiani, shangazi."

"Sikusema tumbo, mwanangu. Nimesema mwezi."

Muuguzi alitafakari. Vifo viwili, sababu mbili tofauti, shahidi mmoja mwenye huzuni. Mahakama yoyote ingeutupa ushahidi huo. "Hiyo hospitali iliandika kwamba vilizidi?"

"Waliandika sawasawa na picha. Nani anaandika asichoweza kukieleza?"

Muuguzi aliutoa mkono wake mkononi mwa shangazi. Pini ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa ndani ya karatasi, na alihisi, au alidhani anahisi, kwamba ilikuwa ya moto.

Jumanne alasiri ilikuwa zamu yake ya kukaa na fundi. Mwenzake aliyemwachia kiti, nesi mnene mwenye mdomo usiofungwa, ambaye wodi nzima ilimwita Kasuku, alimwambia kwa sauti ya chini, "Leo kakaa kimya kama picha ya ukutani. Ila kuna kelele sijui zinatoka wapi. Labda bomba." Akaenda zake.

Haikuwa bomba. Muuguzi alipoketi umbali wa mkono, kama agizo lilivyotaka, aliisikia: tiki, tiki, tiki, sauti ya cherehani inayokanyagwa na mtu asiye na haraka, na ilipokoma, ilikoma pale fundi alipobana pumzi, na ilipoanza tena, ilianza pale alipopumua. Akajiambia ni tumbo. Matumbo hulia. Lakini harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ilikuwa imejaa chumba kizima, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sista," fundi alisema, akitazama dari, "ameniambia nisikuangalie."

"Nani?"

"Mwenye wivu. Anasema daktari ni wake. Anasema taa ile inaposhuka ndani, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumtazama hivyo."

Agizo lilisema asisimangwe. Muuguzi alibana meno. "Umewahi kufika nyumbani kwangu?"

"Sijui kwako, Sista. Yeye ndiye anayekwenda." Machozi yalimtoka fundi, yakaingia masikioni. "Siku ya kwanza alikuonea wivu. Nikaogopa, nikasema huyu naye tutamzika. Lakini tangu jana anacheka. Anasema na wewe unamwonea yeye. Hajawahi kuonewa wivu na mtu. Maisha yake yote yeye ndiye huona wivu peke yake, nje ya milango ya watu. Amefurahi, Sista. Nimemwomba asifurahi."

Kilichofuata ndicho kilichomsumbua baadaye muuguzi yule kuliko yote, kwa sababu hakuweza kukipa jina. Aliitoa pini mfukoni, akaikunjua kutoka kwenye karatasi, akaiweka juu ya meza ndogo iliyokuwa kati yao. Alijiambia kwamba huo ni mtihani: fundi akiitambua, uso wake utasema, na jambo la funguo mbili litakuwa limethibitika. Hiyo ilikuwa hoja, na ilikuwa na sura ya hoja. Lakini mtihani hufanywa kwa kutazama, naye baada ya kuiweka aligeuka akaelekea dirishani, akampa mgongo mgonjwa ambaye yeye aliagizwa asimwondolee macho, akahesabu kimoyomoyo kuanzia moja, na alipofika tano alijua kabisa kwamba hakuwa akipima chochote, kwamba alikuwa akimpa, na alipofika nane cherehani ilikoma, na alipofika kumi aligeuka na meza ilikuwa tupu.

Fundi alikuwa amelala vilevile, mikono juu ya shuka, analia. "Sikuigusa," alisema. "Sista, nakuapia, mimi sikuigusa."

Alimpeleka eksirei mwenyewe, kwa kisingizio cha uchunguzi wa kawaida. Picha ilikuwa safi. Walipiga ya kifua, ya shingo, ya tumbo, ya ubavuni. Hakukuwa na kitu. Walitingisha shuka, wakafunua godoro, wakafagia sakafu. Alipoulizwa anatafuta nini alisema, "Nahakikisha tu," na kwa kuwa yeye ni Sista Hesabu, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Jumamosi asubuhi shangazi alimleta mganga. Daktari alikubali kwa masharti aliyoyaandika kwa mkono wake: hakuna moshi, hakuna kitu kitakachonyweshwa wala kuchanjwa, dawa za daktari wa akili zisikatwe hata siku moja, na mgonjwa mwenyewe aridhie. Mganga aliyasoma masharti yote mpaka mwisho, akatia saini, akaomba nakala. Alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mzee mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, na njia yake haikuwa ya kupiga kelele. Aliketi kitandani pa mgonjwa na daftari jipya, kama anayeandika maelezo ya shahidi.

Chumbani walikuwa watano: mganga, fundi, shangazi, daktari na mkewe. Jua lilikuwa limejaa dirishani.

"Uliye ndani," mganga alisema, "taja madai yako."

 Kisha ile tiki, tiki, tiki ikaanza, na safari hii waliisikia wote, maana daktari aliinua kichwa akatazama mabomba. Midomo ya fundi ilifunguka kidogo. Sauti iliyotoka haikuwa nzito wala ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusubiri nje.

"Sidai. Nimepewa."

"Na nani?"

"Yumo humu."

"Umepewa nini?"

"Changu. Nilikwenda kukichukua kwake, nikakileta, nikaonyesha, ili mwenyewe aondoke kama walivyoondoka wengine. Hakuondoka. Alikificha. Kisha Jumanne akaniwekea mwenyewe mezani, kwa mkono wake, akanipa mgongo ili nichukue." Sauti ikawa na tabasamu. "Aliyenipa simwondoi, karani. Aliyenipa ninakaa naye."

Mganga aliandika hadi nukta ya mwisho. Kisha akaweka kalamu chini na kuwatazama waliosimama, mmoja mmoja, bila ukali.

"Nitasema jambo moja, na silirudii. Huyu hakai mahali pengine isipokuwa palipofichwa. Kila kilichozidi kiliandikwa pungufu, ndiyo maana amedumu. Kama yupo hapa aliyeona kitu na hakukisema, akiseme sasa, mbele ya watu, idadi yake kamili na kilivyokuwa. Si kwangu. Kwa wote. Kikisemwa, hana pa kukaa. Kisiposemwa, atatoka kwa huyu mgonjwa, hilo naweza, lakini sitakuwa nimemtoa. Nitakuwa nimemhamisha."

Muuguzi alisikia damu yake ikipiga masikioni kwa mwendo uleule wa cherehani, akajiona akifungua mdomo na kusema vilikuwa vitano, Daktari, vilikuwa vitano na cha tano ni ile pini uliyoikalia, na nilidhani wewe, na Jumanne nilimwekea mgonjwa kitu chenye ncha umbali wa mkono wake nikageuka nikahesabu hadi kumi, na aliona jinsi uso wa mumewe ungebadilika, si kwa hasira, hasira angeivumilia, bali kwa namna ambayo macho yale yangejifunga taratibu kama mlango wa ofisi saa za kazi zikiisha, na hata mara hiyo moja ya "nakuona" iliyokuwa haki ya mgonjwa yeyote yule yeye asingeipata tena maishani.

"Sista?" daktari aliuliza kwa upole. "Zamu ya Jumanne ilikuwa yako. Kuna chochote?"

"Hakuna, Daktari."

Mganga alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafunga daftari. "Imeandikwa," alisema, na akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Haikuchukua hata robo saa. Fundi alitapika maji safi, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka chini ya bwawa, akauliza kama kuna chai. Harufu ya pasi ilikuwa imeondoka juu yake. Mlangoni, mganga alipita mbele ya muuguzi. Alisogea tu upande, kama mtu anayewapisha wawili.

Fundi aliruhusiwa baada ya juma moja. Aliendelea na dawa na mazungumzo yake, na hakurudi. Daktari alisema dawa zilianza kufanya kazi, shangazi alisema dua, na hakuna aliyeweza kumpinga mwenzake kwa ushahidi.

Nyumbani mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Muuguzi alikoma kumshuku mumewe. Siku moja alijikuta hakumbuki hata kwa nini alimshuku. Lakini chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Na kila jioni, daktari alipoketi na binti yao kwenye hesabu za shule, yeye alisimama mlangoni akiwatazama, na kitu kilimkaza chini ya mbavu.

"Umekosea hapa, mama. Naona umesahau kubeba."

"Sijasahau, baba, nimebeba kichwani."

"Haya basi, nimeona. Nimeona."

Alihesabu. Kwa jioni moja binti aliambiwa "nimeona" mara kumi na moja.

Juma la tatu alianguka jikoni akishika tumbo. Daktari alimpeleka mwenyewe, akiendesha gari kwa mkono mmoja, wa pili umemshika wake, na picha ya eksirei ikatundikwa kwenye ubao wa mwanga. Ndani ya tumbo la Sista Hesabu ililala pini moja ndefu yenye kichwa cha mviringo, imepinda kidogo karibu na ncha.

"Umeimeza lini?" daktari aliuliza kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake.

"Sikuimeza."

Alikataa dawa ya usingizi. Alitaka kuona. Walimpulizia koo ganzi, wakamlaza ubavu wa kushoto, wakamfunga mdomoni kile kipande cha plastiki chenye tundu kinachozuia meno yasiume kamera, kikabanwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Kasuku alishika kibakuli. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, mtu mwingine ndiye aliyehesabu.

Mume aliinama karibu na sikio lake. "Tulia," alisema. "Nakuona." Taa ilishuka. "Nakuona, mke wangu. Nakuona. Nakuona." Mara nne. Na furaha iliyomjaa ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, kubwa mno kuwa ya mtu mmoja, na aliposikiliza ndani yake alitambua kwamba nusu ya furaha ile haikuwa yake.

Pini ilitoka, ncha nyuma, bila kuchana popote. Tin, kibakulini. Daktari aliitambua, alisita, akarudisha kamera kuhakikisha hakuna jeraha, kama utaratibu unavyotaka. Kwenye skrini tumbo lilikuwa tupu, jekundu, safi, kisha kwenye kona likaonekana umbo la kijani. Alilishika kwa koleo kabla hajajua ni nini, akalivuta, na yeye na mkewe wakaliona likining'inia chini ya taa, kavu kabisa: pini ndogo ya beji ya shule, iliyozungushiwa uzi wa kijani, mzunguko kwa mzunguko, ikaachwa ncha tu.

Cherehani ilianza kukanyagwa taratibu, na muuguzi alijua inatoka wapi kwa sababu aliihisi mbavuni, na alikumbuka kibanio cha nywele, na mkasi wa kukatia nyuzi, na mwezi, na alijua kwa uhakika ambao hakuwahi kuwa nao juu ya jambo lolote kwamba sasa yu tayari kusema yote, mbele ya watu, idadi yake kamili na kilivyokuwa, yu tayari kulipoteza jicho la mume huyu milele ili mtoto yule abaki, na akajaribu kusema viwili, ni viwili, ni changu na cha mtoto, lakini plastiki ilikuwa katikati ya meno yake, na mkanda ulikuwa umekaza, na kilichotoka kilikuwa mlio tu wa mgonjwa yeyote aliyefungwa kinywa.

Kasuku alikuwa ameweka kibakuli mezani na kushika kalamu, na safari hii hakuwa na utani. "Daktari. Picha imesema kimoja. Tuandike ngapi?"

Daktari aliidondosha pini ya beji kibakulini, akautazama uzi wa kijani. Alikuwa mtu wa akili, na mkewe alimwona akipima: beji ambayo asubuhi ile ilikuwa kifuani mwa mtoto, mama peke yake nyumbani na mtoto, jina la familia, uchunguzi, maswali. Alimwona akifika, hatua kwa hatua, bila kosa hata moja la mantiki, pale alipokuwa amefika yeye siku ile, kwa mwenzi wake. Kiganja chake kikafunika kibakuli.

"Kimoja," alisema. "Andika sawasawa na picha."

Muuguzi aliutoa mkono wake wa kulia chini ya shuka. Hakuwa na sauti, lakini wagonjwa wa chumba kile daima hutaja idadi kwa kunyoosha vidole, na Kasuku alikuwa akimtazama. Akainua kidole cha kwanza. Akainua cha pili.

Cha pili kikakunjwa, taratibu, bila mkono wa mtu kukigusa, na kikashikiliwa chini.

"Ndiyo, Sista," Kasuku alisema kwa upole, na akaandika. "Kimoja. Nimeona."